Mpira wa Magongo Kando ya Kijito cha Vyura

Ndugu msomaji, leo ni Jumapili. Kiwanda kimenyamaza, ofisi imefungwa, na huenda gazeti hili unalisoma ukiwa barazani, kikombe cha chai mkononi, huku sauti za watoto zikikujia kutoka kule wanakochezea. Je, umepata kujiuliza ni nani aliyewapa watoto hao mahali pa kuchezea, na ni nani awezaye kupachukua? Swali hilo laonekana jepesi. Lakini uko mji mmoja mkubwa duniani ambao umelijibu mara nyingi, pengine kwa kutoa, pengine kwa kunyang'anya. Mji huo ni Istanbul, katika nchi ya Uturuki. Twende pamoja tukautembelee, na kiongozi wetu katika safari hii awe ni mchezo ambao wengi hawajui kuwa uliwahi kuchezwa huko, nao ni mpira wa magongo.

Safari yetu yaanzia Eminönü, karibu na daraja la Galata, katika upande wa mji ulio bara la Ulaya. Hapo utapanda kivuko kiendacho Kadıköy, upande wa Asia. Mwendo wenyewe ni wa dakika ishirini hivi, lakini Waturuki hawakubali dakika hizo zipite bure. Mhudumu atakuletea chai ya rangi katika kibilauri kidogo kisicho na mkono, nawe utanunua mkate wa duara uliopakwa ufuta, ambao wenyewe huuita simit. Shakwe watakifuata chombo wakipiga kelele, wakitumaini kwamba kipande kimoja kitawaangukia. Wafanyakazi waliochoka husinzia katika mabenchi, na wanafunzi husukumana wakicheka. Tangu mwaka 2013 liko pia garimoshi lipitalo chini ya bahari kati ya mabara hayo mawili, lakini watu hawakuvitupa vivuko vyao.

Kabla hujafika mbali, geuka utazame nyuma. Juu ya kilima kilichoingia baharini utaona minara na makuba ya Ayasofya na ya Msikiti wa Sultan Ahmed. Kwenye miteremko ya kilima hicho ndipo lilipokuwa jumba kuu la wafalme wa Bizanti, walioutawala mji huu kabla ya Waturuki kuuteka mwaka 1453. Ndani ya eneo la jumba hilo, mfalme Theodosius wa Pili, aliyetawala kuanzia mwaka 408 hadi 450, alijenga uwanja maalumu wa mchezo wa gongo na mpira uliochezwa juu ya farasi. Mchezo wenyewe ulitoka Uajemi. Wakuu wa Bizanti waliupenda kupita kiasi, na mfalme Alexander, aliyefariki mwaka 913, yasemekana alikufa kwa kuchoshwa na mchezo huo. Waturuki nao walikuja na mchezo wa jamaa hiyo hiyo kutoka Asia ya Kati, wakiuita çevgen, na washairi wa zamani walipenda kumlinganisha mpenzi aliyeteseka na mpira upigwao huku na huko kwa gongo.

Basi gongo na mpira si wageni katika mji huu. Lakini angalia jambo moja. Uwanja ule wa kale ulikuwa ndani ya kuta za jumba la mfalme. Aliyecheza alikuwa na farasi, na mwenye farasi alikuwa mkubwa. Mvuvi aliyepita chini ya kuta na mashua yake huenda alisikia vishindo tu.

MALISHO YA KASISI

Kivuko kinapokaribia ng'ambo, utaona jengo kubwa la mawe lililosimama ukingoni mwa maji kama ngome. Hiyo ni Haydarpaşa, stesheni iliyokamilishwa mwaka 1909, siku zile Wajerumani walipokuwa wakiijenga reli iliyokusudiwa kufika Baghdad. Chombo kitafunga gati Kadıköy, nawe utateremka pamoja na umati, upite soko la samaki na maduka ya zeituni, kisha ushike njia ya kusini hadi mtaa wa Moda.

Moda ni mtaa wa watu watulivu, wenye vibaraza na miti, na bahari chini yake. Katika karne ya 19 walikaa hapa wafanyabiashara wengi wa kigeni, hasa Waingereza, na miongoni mwao ukoo mashuhuri wa Whittall. Watu hao walijenga nyumba zao, wakajenga na kanisa lao, na jioni na siku za mapumziko wakacheza michezo ya kwao, yaani tenisi, kriketi, kandanda na mpira wa magongo.

Mahali pa kuchezea hapakuwa mbali. Teremka kutoka Moda kuelekea mashariki, nawe utafika kwenye mto mdogo uitwao Kurbağalıdere, maana yake kijito chenye vyura. Kando ya kijito hicho palikuwa na nyanda za majani mabichi. Moja iliitwa Kuşdili, yaani ulimi wa ndege. Nyingine iliitwa Papazın Çayırı, yaani malisho ya kasisi. Nyanda za namna hii zilikuwa na nafasi ya pekee katika maisha ya Istanbul. Nyumba zilibanana na vichochoro vilikuwa vyembamba, kwa hiyo siku ya mapumziko familia nzima ilitoka, ikachukua mikeka, chakula na birika, ikaenda kukaa majanini. Upande wa Ulaya watu walikwenda Kağıthane, mwisho wa ghuba iitwayo Pembe ya Dhahabu, ambako Sultan Ahmed wa Tatu alijenga kasri lake la Sadabad mwaka 1722. Upande wa Asia walikwenda Göksu, na wengine wakaja hapa penye vyura. Matajiri walikuja na magari ya farasi, na maskini kwa miguu. Wauza karanga, wapiga zumari na wacheza dubu wakapita katikati yao. Mila zilitenganisha wanawake na wanaume, lakini majani yalikuwa yale yale.

Katika nyanda hizo ndipo Waturuki walipoiona michezo ya Waingereza kwa mara ya kwanza. Hebu fikiri mwenyewe. Umekaa juu ya mkeka na wanao, unamenya tikiti, na mbele yako watu wazima ishirini na wawili waliovaa kaptura wanaukimbilia mpira mdogo, kila mmoja ameshika gongo lililopinda mwishoni kama ndoana.

MCHEZO WENYEWE

Kwa msomaji ambaye hajapata kuuona, mpira wa magongo ni kama ndugu wa kandanda. Kila upande una wachezaji kumi na mmoja, na kila upande una goli na mlinda mlango. Lakini mpira ni mdogo, watosha kiganjani, nao ni mgumu. Mipira ya siku hizo ilikuwa na moyo wa lile gamba jepesi la mti litengenezwalo vizibo vya chupa, ukazungushwa nyuzi na kushonewa ngozi juu yake. Gongo lina upande mmoja bapa na mwingine wa mviringo, na sheria hairuhusu kupiga ila kwa upande ule bapa. Tena bao halikubaliki mpaka mpira uwe umepigwa kutoka ndani ya nusu duara iliyochorwa mbele ya goli. Kwa hiyo nguvu peke yake hazifai kitu, na shabaha ya mbali haina faida.

Zamani mchezo ulianza kwa namna ya kupendeza. Wachezaji wawili walisimama wakitazamana, mpira ukiwa kati yao. Waligusa ardhi kwa magongo yao, kisha wakayagonganisha juu ya mpira, na hivyo mara tatu, ndipo wakaugombania. Na kwa kuwa gongo ni fupi, mchezaji hukimbia akiwa ameinama. Wahenga wetu walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, na hapana mchezo uithibitishao methali hiyo kuliko huu.

Waingereza waliuwekea mchezo huu kanuni za kisasa katika vilabu vya London na vitongoji vyake, na chama chao kiliundwa mwaka 1886. Wanawake wa Uingereza wakaunda cha kwao mwaka 1895. Michezo ya Olimpiki ya London ya mwaka 1908 ndiyo ya kwanza iliyokuwa na mpira wa magongo. Kila palipofika bendera ya Uingereza au mfanyabiashara wake, gongo nalo lilifika. Ndivyo lilivyofika India, na ndivyo lilivyofika kwetu Afrika Mashariki, ambako wananchi wenye asili ya India hasa ndio walioushika mchezo na kuukuza. Kenya ilishika nafasi ya nne katika mashindano ya Kombe la Dunia huko Barcelona mwaka 1971, na Tanzania ilipeleka timu ya magongo katika Olimpiki ya Moscow mwaka 1980.

MAJANI MAMOJA, SHERIA MBILI

Sasa turudi kwenye kijito chetu. Sultani wa siku zile alikuwa Abdulhamid wa Pili, aliyetawala kuanzia mwaka 1876 hadi 1909. Alikuwa mtu mwenye hofu nyingi, na makachero wake walienea mji mzima. Vijana waliokusanyika bila idhini walishukiwa kupanga njama, hata kama mkononi walikuwa na mpira tu. Lakini Waingereza wa Moda hawakuguswa. Kwa nini? Kwa sababu wageni kutoka nchi za Ulaya walilindwa na mikataba ya upendeleo ya tangu zamani, iliyowaweka chini ya mabalozi wao badala ya mahakama za nchi. Basi juu ya majani yale yale ziliishi sheria mbili. Mgeni alicheza, na mwenyeji alitazama. Sisi husema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini hapa mwenyeji aliachwa ameketi pembeni ya uwanja wake mwenyewe.

Vijana wa Kituruki hawakukubali kuketi daima. Mwaka 1901 wachache wao, akiwemo mwanafunzi wa jeshi la maji aliyeitwa Fuad Hüsnü, waliunda timu ya kandanda, wakaiita kwa jina la Kiingereza, Black Stockings, maana yake soksi nyeusi, ili makachero wadhani ni timu ya wageni. Hila hiyo haikufika mbali. Walicheza mechi moja dhidi ya Wagiriki, wakashindwa, na polisi wakaingia kati. Mwaka 1904 Waingereza na Wagiriki wa Istanbul wakaanzisha ligi yao, ambayo mechi zake zilichezwa Jumapili, siku ya mapumziko ya Wakristo. Mwaka 1905 wanafunzi wa shule ya Galatasaray, wakiongozwa na kijana Ali Sami, wakaunda klabu yenye jina la shule yao. Mwaka 1907 vijana wa Moda na jirani zao wakaunda Fenerbahçe, jina lenye maana ya bustani ya mnara wa taa, kwa sababu ya mnara uongozao meli katika rasi iliyo karibu.

Kisha ukaja mwezi wa Julai, mwaka 1908. Maafisa wa jeshi na wanamapinduzi wa Kituruki walimlazimisha sultani airejeshe katiba aliyokuwa ameiweka kando kwa miaka thelathini. Watu walijaa barabarani wakikumbatiana. Mwaka uliofuata ikatoka sheria ya vyama, na vilabu vilivyokuwa vimejificha vikatoka hadharani. Katika malisho ya kasisi ukajengwa uwanja wenye uzio na majukwaa ya mbao, ukaitwa Union Club, na umati ukaanza kuja kwa vivuko kutazama mechi. Baadaye vilabu vya Kituruki vikawa na ligi ya Ijumaa, siku yao ya mapumziko. Mji mmoja ukawa na siku mbili za michezo kwa wiki.

Wakati huo ndipo mpira wa magongo ulipopata Waturuki wake. Katika miaka ya 1910 Galatasaray na Fenerbahçe, vilabu ambavyo leo dunia inavifahamu kwa kandanda, vilikuwa pia na timu za magongo. Wachezaji wengi walikuwa ni wale wale, waliotoka uwanja wa kandanda wakaokota gongo. Haukuwa mchezo wa kulipwa. Ulikuwa ni mapumziko ya wanafunzi, makarani, walimu na maafisa vijana, watu waliofanya kazi juma zima na kutaka kunyoosha viungo. Lakini tuwe wakweli. Mchukuzi wa bandarini na mfua chuma wa Haydarpaşa hawakuwemo. Gongo lilitoka ng'ambo na bei yake ilikuwa ya watu wenye nafasi. Uwanja ulikuwa umetoka mikononi mwa mfalme na kufika mikononi mwa karani. Kwa mchukuzi ulikuwa bado haujafika.

WAPIGANAPO TEMBO

Mwishoni mwa mwaka 1914 Uturuki iliingia katika Vita Kuu ya Kwanza, upande wa Ujerumani. Wahenga walisema wapiganapo tembo nyasi huumia, na hapa nyasi ziliumia kweli. Vijana wa vilabu waliitwa jeshini. Hasnun Galip, mchezaji wa Galatasaray, aliuawa Gallipoli mwaka 1915. Leo upo mtaa katika eneo la Beyoğlu unaoitwa kwa jina lake, na wapita njia wengi hawajui kuwa ni jina la kijana aliyepiga mpira. Waingereza wa Moda nao sasa walikuwa raia wa nchi adui.

Vita vilipokwisha, wageni walirudi, lakini safari hii wakiwa na manowari. Kuanzia Novemba 1918 hadi Oktoba 1923 mji uliwekwa chini ya majeshi ya Uingereza, Ufaransa na Italia. Mwananchi alipita mbele ya askari wa kigeni katika mitaa yake mwenyewe. Kwa miaka hiyo mahali pekee alipoweza kumshinda askari huyo bila kufungwa palikuwa uwanjani. Vilabu vya Istanbul vilicheza kandanda na timu za majeshi mara nyingi. Tarehe 29 Juni 1923 Fenerbahçe iliwafunga Waingereza 2 kwa 1 na kulitwaa kombe lililoitwa kwa jina la mkuu wao wa majeshi, Jenerali Harington. Mabao yote mawili yalifungwa na Zeki Rıza. Hata leo mtoto wa Kadıköy atakusimulia habari hiyo kana kwamba ilitokea jana.

Mechi hiyo ilichezwa Taksim, moyoni mwa mji upande wa Ulaya. Palikuwa na kambi kubwa ya mizinga iliyojengwa mwanzoni mwa karne ya 19, na ua wake wa ndani uligeuzwa kuwa uwanja wa michezo mwaka 1921. Katika ua huo huo Uturuki ilicheza mechi yake ya kwanza ya kimataifa ya kandanda, dhidi ya Rumania, tarehe 26 Oktoba 1923, wakatoka sare mbili kwa mbili. Siku tatu baadaye ikatangazwa Jamhuri.

Na gongo je? Kandanda ilipokuwa ikibeba heshima ya taifa, gongo lilififia. Ukilitafakari jambo hili utaziona sababu zake. Kandanda yahitaji mpira tu, na mpira usipopatikana, matambara yaliyofungwa kamba yatatosha. Huchezwa kichochoroni, juu ya mawe, hata mtelemkoni. Mpira wa magongo wahitaji gongo kwa kila mchezaji, na zaidi ya yote wahitaji ardhi iliyo sawa, kwa maana mpira ule mgumu ukikuta shimo huruka, na ukiruka huvunja muundi wa mtu. Mchezo huu hauwezi kuishi bila uwanja mzuri, na viwanja vizuri vya Istanbul vilikuwa vikipungua.

SIKU YA KUPUMZIKA NA MAHALI PA KUPUMZIKIA

Jamhuri mpya iliwapa wafanyakazi wa mijini kitu ambacho wazazi wao hawakuwa nacho kwa sheria, nacho ni siku ya mapumziko. Sheria ya mwaka 1924 iliifanya Ijumaa kuwa siku ya kupumzika mijini. Mwaka 1935 siku hiyo ikahamishiwa Jumapili, na mapumziko yakaanza Jumamosi mchana. Mfanyakazi akawa na muda wake mwenyewe. Lakini muda bila mahali ni kama birika bila maji. Wakati sheria ilipokuwa ikimpa siku, mji ulikuwa ukimnyang'anya majani.

Itazame Kağıthane. Pale ambapo familia zilitandika mikeka, mwaka 1914 kituo cha kwanza kikubwa cha umeme kilianza kazi karibu na mdomo wa mito yake miwili, kisha vikaja viwanda kimoja baada ya kingine. Maji ya Pembe ya Dhahabu yakawa meusi, na harufu yake ikawafukuza watu, mpaka ilipoanza kazi kubwa ya kuyasafisha katika miaka ya 1980. Itazame Kuşdili, ulimi wa ndege. Ikawa mahali pa soko la kila Jumanne na maegesho ya magari. Mkoa wa Istanbul ulikuwa na watu wapatao milioni 1.2 mwaka 1950. Leo wamepita milioni 15. Watu hao walihitaji nyumba, nasi hatuwezi kuwalaumu kwa kutaka paa. Lakini kila paa lilipoinuka, uwanda mmoja ulitoweka.

Malisho ya kasisi yalipona, ila kwa namna yake. Nenda leo ukasimame kando ya Kurbağalıdere, nawe utaona mbele yako kiwanja kikubwa cha Fenerbahçe, chenye nafasi ya watazamaji zaidi ya 45,000. Kimepewa jina la Şükrü Saracoğlu, aliyekuwa mwenyekiti wa klabu hiyo na pia Waziri Mkuu wa Uturuki kuanzia mwaka 1942 hadi 1946. Majani yapo, tena yamekatwa vizuri kuliko wakati wowote. Lakini sasa yamezungukwa na kuta, na huingii bila tikiti. Waliokuwa wakicheza juu yake wamekuwa watazamaji. Je, si ule uwanja wa mfalme Theodosius umerudi kwa sura nyingine?

Ua wa Taksim nao una kisa chake. Mwaka 1940 kambi ile ya mizinga ilibomolewa kufuatana na mpango mpya wa mji, na mahali pake pakapandwa miti, ikawa bustani ya umma iitwayo Gezi. Uwanja wa michezo ulikufa, lakini badala yake wananchi walipata kivuli na mabenchi. Miaka zaidi ya sabini ilipita. Ndipo ulipotolewa mpango wa kuijenga upya kambi ile ya kale mahali hapo hapo. Mwishoni mwa Mei 2013 matingatinga yalipofika, watu wachache waliketi chini ya miti kuizuia isikatwe. Polisi waliwatoa kwa nguvu, na hasira ikaenea nchi nzima. Maelfu kwa maelfu waliingia barabarani, wengi wakaumia, na wengine wakapoteza maisha. Sababu zikawa nyingi na kubwa kuliko miti, na Waturuki wenyewe wangali wakibishana juu ya siku hizo. Lakini lilipoanzia ni hapo, kwenye kipande cha ardhi ambacho mji uliokosa pumzi haukutaka kukipoteza. Bustani ya Gezi ingalipo hadi leo. Ukipita, keti kwenye benchi. Umeketi palipokuwa na uwanja.

GONGO LARUDI

Mwaka 2002 Uturuki iliunda shirikisho la taifa la mpira wa magongo, na mchezo uliosahaulika ukaanza upya. Jambo la kupendeza ni kwamba nguvu yake haikuota tena Moda, kwenye nyumba za wafanyabiashara wa kigeni. Iliota Gaziantep, mji wa kusini-mashariki, karibu na mpaka wa Syria, mji wa viwanda, wa mafundi na wa waoka vitamu vya pistachio. Timu ya polisi ya huko ikawa miongoni mwa timu zenye nguvu zaidi nchini, nao wasichana wakashika magongo sawa na wavulana. Wajukuu wa watu ambao wasingeruhusiwa kupita mlango wa klabu ya Waingereza wameuchukua mchezo na kuufanya wao.

Hata hivyo tatizo la zamani limekuja na vazi jipya. Tangu Olimpiki ya Montreal ya mwaka 1976 mashindano makubwa ya magongo huchezwa juu ya majani ya bandia, ambayo huwekwa kwa fedha nyingi na kunyweshwa maji kabla ya mechi. Gongo laweza kuchongwa na seremala wa mtaani, lakini uwanja huo hauchongwi na yeyote. Nchi yenye fedha inao, na isiyo nazo husubiri. Sisi tulioona magongo yakichezwa juu ya nyasi za kawaida Afrika Mashariki tunalielewa jambo hilo bila kuelezwa.

Basi, ndugu msomaji, jua linatua nyuma ya minara ya Istanbul nasi tumerudi gatini Kadıköy. Chai imeletwa tena. Ukipiga hesabu ya safari yetu utaona kwamba mfalme alijenga kuta, mgeni akaja na mikataba, sultani akaleta makachero, na mji wenyewe ukaleta saruji. Katika nyakati zote hizo aliyetafutwa ni yule yule, yaani mtu wa kawaida aliyemaliza kazi yake na kutaka kipande cha ardhi iliyo sawa ili acheze na wanawe. Mara chache alipewa. Mara nyingi alikitwaa kwa muda, kisha kikaondoka.

Sikiliza tena huko nje. Kelele za watoto wako zingali zinasikika. Kabla hujaligeuza gazeti hili ukurasa wa pili, inuka uende mpaka wanapochezea. Tazama kama kuna mawe ya mipaka yaliyosimikwa majuzi, au lori lililomwaga mchanga pembeni. Ukiyaona, usiseme ni jambo la watoto. Uliza ni la nani, uliza mapema, tena uliza mbele ya mkutano wa mtaa wako. Na usipoyaona, mshukuru Mungu, vua viatu, uwaombe wakupangie namba.